Usijitolee kuandika muhtasari wa kikao, nakusihi

Dada acha kwanza. Umesema upo rizavesheni, yani kuwawekea wageni nafasi za safari, kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, kikao cha mabosi cha Jumatatu huitwi, sasa unataka kujitolea kuandika muhtasari ili angalau uwe ndani. Usithubutu!

Huo ushauri na mimi nilipewa na meneja wangu wa zamani, tena kwa upole kabisa, eti ingia hata kwa kuandika, watakuzoea. Wakanizoea kweli, kwa kuandika. Ukiwa na kalamu huchangii, ukiinua kichwa useme neno washahamia ajenda nyingine, na mtu akisema "hilo liingie kwenye muhtasari" anaangalia daftari lako, wewe hakuoni. Sizoni nzima ikaisha hivyo, nafasi ya kusimamia bei wakamleta mtu wa nje, na mimi ndo nikaambiwa nimfundishe ada za hifadhi. Yule meneja alijua fika anachofanya, alitaka mtu wa kumwandikia bure, na mpaka leo linaniuma.

Kinachokuingiza mle ni namba ambayo wao hawana na wewe unayo. Chukua kreta ya Ngorongoro, gari kushuka ni dola 295 pamoja na VAT, na hiyo ni kwa gari sio kwa kichwa. Wageni 6 kila mmoja anabeba kama dola 49, wanne wakijitoa wale wawili inawaangukia 147 na nusu kila mmoja, na kama kotesheni, yani bei mliyowatumia wageni, ilishatoka kwa hesabu ya watu 6 basi kampuni ndo inaumia. Mabosi hasara wanaiona mwisho wa mwezi, imepitia wapi hawajui, ila wewe unajua maana imeili za kujitoa zinaingia kwako. Zikusanye za sizoni iliyopita, hesabu ziwe ukurasa mmoja wenye jina lako juu, mpe bosi Ijumaa, sio Jumatatu asubuhi akiwa anakimbia. Kiti usiombe. Wenzake wakianza kumuuliza maswali ya ule ukurasa atakuita mwenyewe.

Na asitokee mtu wa kukusaidia kuuwasilisha, yani hata awe rafiki yako!

Mambo ya nguo na Kiingereza uliyouliza tutaongea siku nyingine. Ijumaa ni keshokutwa, anza na safari za Julai na Agosti.