Shangazi, nataka kuvutwa ngozi ya uso

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 56, mjane, nauza vitenge Moshi. Mashavu yamelegea, shingo imejikunja. Kwenye harusi ya mwanangu MC alinitambulisha kama bibi wa bwana harusi, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mdogo wangu aliyeko Istanbul anasema kuvuta ngozi ni upasuaji wa siku moja tu, nitume hela anishikie nafasi. Nichukue mkopo wa kikoba? Presha ninayo, natumia dawa. Hereni niliacha, sikio moja liliota bonge. – Mama wa Kiboriloni*

Marahaba, mama. Huyo MC ningempokonya maiki. Sikwambii ukubali uzee. Uso ni wako, na kutaka kupendeza si dhambi.

Kilichonishtua ni hilo sikio ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo. Daktari huanza kukata kwenye panja, hushuka mbele ya sikio, huzunguka chini ya ndewe, kisha hupanda kwa nyuma. Huinua ngozi, hukaza tabaka la chini yake, hukata iliyozidi na kushona. Bonge lako huenda ni keloidi, yaani kovu linaloota na kuvimba kupita jeraha lenyewe, na sisi weusi inatupata zaidi. Ikiwa kitundu cha hereni kimefanya hivyo, mshono mzima kuzunguka masikio yote mawili je? Utaondoa mikunjo, urudi na makovu ambayo hata mtandio hauyafichi.

Na hiyo "siku moja" ni ya kisu tu. Uvimbe na weusi wa damu kuvilia huchukua wiki mbili hivi, pengine zaidi. Damu kujikusanya chini ya ngozi ndiyo shida inayotokea sana, na presha isiyotulia huizidisha. Mshipa wa fahamu ukiumia, mdomo unaweza kwenda upande. Hapo wewe uko Kiboriloni, daktari yuko Istanbul. Isitoshe, ngozi huendelea kuzeeka. Baada ya miaka kama 10 italegea tena.

Mkopo wa kikoba? Hapana. Huo ni wa mtaji, na uso mpya hauleti marejesho.

Bahati yako uko Moshi. Hospitali ya KCMC pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho nchi jirani huleta madaktari wao kusomea. Nenda na dawa zako za presha, waonyeshe sikio, na kama uliwahi kupaka mkorogo sema ukweli: ule wenye dawa za steroidi huikondesha ngozi. Mpaka wakujibu, mdogo wako usimtumie hata senti.