Re: Kufunga maneno Kwaresma, inahesabika?

Ndugu, umeuliza kama kuacha tabia ya kuwakatiza watu wakiongea inaweza kuwa mfungo wako Kwaresma hii (zile siku 40 za kufunga kabla ya Pasaka). Inahesabika bana, tena soma Isaya 58, pale mfungo unatajwa pamoja na kuacha kunyoosha kidole na kunena maovu, yaani tumbo peke yake halitoshi. Ila mfungo wa chakula nao usiuache, vyote viende pamoja.

Na yule Farisayo (mtu wa dini sana) kwenye mfano wa Yesu, Luka 18, alikuwa anafunga mara mbili kwa wiki, tatizo sala yake nzima ilikuwa mimi mimi mimi, wakati mtoza ushuru kasema sentensi moja tu akaondoka amehesabiwa haki, yaani Mungu kamkubali. Ndo maana mi naona kusikiliza na unyenyekevu haviachani, maana ukiwa umeshaamua moyoni kwamba we ndo unajua, mtu anaongea hapo we unasubiri tu zamu yako, huo sio usikivu ni foleni.

Anza nyumbani, huko ndo kugumu (wageni tunawasikiliza vizuri sana sijui kwa nini). Mtu akimaliza, vuta pumzi kwanza, muulize swali juu ya alichosema kabla hujatoa ushauri, na simu igeuze kifudifudi au iweke mbali kabisa. Ukijisahau ukakatiza, sema samahani endelea, basi, usianze kujieleza.

Halafu usije ukasema Jumapili hazimo kwenye zile siku 40 ukarudi kukatiza watu 😂