Papa mkavu, tambi za sukari na dania yenye ladha ya sabuni: maswali yenu ya vyakula

Safari hii maswali karibu yote ni ya vyakula, nusu yake yanauliza "mbona watu wanakula kitu kinachonuka hivi", na nusu nyingine ni mtu anakipenda chakula chake na nyumba nzima imemkimbia. Mimi niko Lamu lakini watu wa Malindi nao wameandika sana kwa hivyo nimewachanganya humu humu. Na niseme kabisa mapema, kitu usichokiweza sema "mimi sikiwezi", lakini usimwambie mtu chakula chake kinanuka na yeye tonge liko mkononi, hilo linaniuma sana nikilisikia.

Mimi ni mwalimu kutoka bara, nimepanga Langoni. Jirani wakipika papa mkavu harufu inaingia mpaka kwenye nguo. Wanampendea nini huyo papa, na mimi nifanyeje?

Pole mwalimu, na karibu Lamu. Cha kwanza ujue ile harufu si uchafu, manake najua wengi wakitoka bara wanafikiri ni samaki ameoza tu watu wakaamua kumla. Papa hakuumbwa kama changu au tafi, yeye nyamani mwake ana yurea nyingi, hii hii inayopatikana kwenye mkojo, ndiyo inayomwezesha kukaa kwenye maji ya chumvi bila mwili wake kunyonywa maji, sasa akishakufa bakteria wanaigeuza ile yurea inakuwa amonia na hiyo amonia ndiyo inayokufuata chumbani. Chumvi na jua vinamfanya asiharibike lakini amonia haiishi yote.

Kwa nini tunampenda? Kwa sababu tumekulia hapo mwalimu. Zamani hakukuwa na friji, kusi likichafua bahari wavuvi hawatoki, na aliye na papa na ng'onda ndani watoto wake walikula. Tena haikuwa chakula cha shida peke yake, majahazi ya Arabuni yakija na kaskazi yalikuwa yanaleta tende na papa mkavu pamoja, na watu walinunua hapa hapa penye bahari iliyojaa samaki! Kitu kama hicho mtu anakila kwa hamu, wazee wangu mimi wakisikia kuna papa wa nazi mahali hawaulizi cha pili.

Ukitaka kujaribu, mkate vipande, mroweke usiku kucha na umbadilishe maji, asubuhi mchemshe na ndimu au ukwaju halafu maji yale mwaga yote, toa ngozi, mchambue, ndipo umtie kwenye kitunguu, nyanya, bizari na pilipili, tui jepesi likiwa limetangulia na tui zito mwisho kabisa huku unakoroga lisikatike. Ile ndimu usiifanyie ubahili, asidi yake ndiyo inayoivunja nguvu amonia. Kula na wali mweupe au sima. Na usidhani ni sisi peke yetu, kule Iceland wana papa wa bahari ya baridi ambaye akiwa mbichi ana sumu, wanamfukia wiki kadhaa halafu wanamtundika miezi, wanamwita hákarl, ananuka amonia kushinda huyu wa jirani zako na wanamla kwenye sherehe zao za katikati ya baridi kwa fahari kabisa.

Ila mwenye mjamzito ndani, tafadhali, papa asiwe kitoweo cha kila siku, samaki wakubwa wanaokula wenzao wanakusanya zebaki mwilini na mtoto tumboni inamdhuru. Mpe vibua au dagaa.

Na nguo zako mwalimu zianike darini, upepo wa baharini unamaliza.

Nafanya kazi kwa Mwitaliano hapa Malindi. Ramadhani nilimpelekea tambi za nazi na sukari, akaonja kidogo akaweka uma chini. Na yeye anakula jibini lenye ukungu wa buluu! Nani ana makosa?

Dadangu hakuna mwenye makosa. Hebu jiweke kwake, tangu azaliwe tambi kwake ni chumvi, nyanya, mafuta ya zeituni, sasa unamletea zimekaangwa zikawa hudhurungi, zimepikwa kwa tui, iliki, zabibu na sukari, ulimi wake ulikuwa umejiandaa kwa kitu kingine kabisa. Hii ya kujiandaa si maneno yangu, mwaka 2008 watafiti Uingereza walitengeneza aiskrimu ya samaki wa kuvutwa moshi, wale walioambiwa ni aiskrimu waliichukia wakasema ina chumvi kupita kiasi, wengine wakaambiwa ni chakula baridi cha chumvi na wakaipenda, na ni kitu kile kile! Kwa hivyo mwaka huu mpelekee tena, lakini mwambie kabla hajatia mdomoni kwamba hiki ni kitamu cha kufuturia, kinakwenda na chai. Na mpe kidogo kwenye kisahani, usimjazie sahani ya chakula cha usiku akaona ndiyo pasta yenyewe.

Lile jibini lake nadhani ni gorgonzola, ule ukungu wanautia makusudi, ni aina inayojulikana na haimdhuru mtu. Lakini sikiliza vizuri hapa, usije ukachukulia kwamba ukungu wowote ni chakula. Mkate ukiota ukungu kabatini tupa wote, usikwangue juu ukala uliobaki. Na huko huko Italia, kisiwa cha Sardinia, wana jibini linaitwa casu marzu ambalo lina mabuu hai ndani, serikali imekataza kuuzwa na wazee wa huko bado wanalitafuta. Mbele ya hilo tambi zetu zina ubaya gani jamani.

Kwangu dania ina ladha ya sabuni, mama mkwe anaona najidai. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa na hujidai. Harufu ya dania inatokana na kemikali zinazoitwa aldehaidi, na aldehaidi za namna hiyo ziko kwenye sabuni pia na hata kwenye wadudu fulani. Kuna watu jeni zao za kunusa zinazikamata zaidi, utafiti uliotoka mwaka 2012 uliitaja moja inaitwa OR6A2, ingawa jeni si sababu yote, mazoea nayo yana nafasi kubwa. Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba wewe na yeye mnakula jani moja lakini pua zenu hazipati kitu kimoja. Halafu jaribuni dania iliyopondwa, kwenye chatne ya nazi kwa mfano, kwa sababu jani likipondwa zile aldehaidi zinavunjika na wengi wanaoshindwa na dania ya kachumbari hii wanaiweza. Ukishindwa nayo hiyo, kachumbari yako tenga kabla ya dania kutiwa, mambo yaishe.

Watu wa Lamu kwa nini mnasaga parachichi mnafanya juisi? Sisi kwetu linaliwa na chumvi au na githeri.

Kwa sababu ni tamu. Maziwa baridi, sukari kidogo, ndimu, basi. Jioni moja kaa pale barabara ya pwani uagize gilasi, halafu niandikie.

Mzee wangu ni Mbajuni, anasema zamani walikula kasa na hakuna aliyekufa. Siku hizi tunaambiwa hapana. Ni mambo ya wazungu na utalii tu?

Hapana ndugu yangu, na hili naomba ulisome mpaka mwisho na umsomee na mzee kwa heshima zake. Ni kweli watu walikula, na ni kweli wengi hawakudhurika, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu nyama ya kasa mara nyingine ina sumu na mara nyingine haina na wewe kwa macho, kwa pua, kwa ulimi huwezi kujua. Machi 2024 kisiwa cha Panza kule Pemba watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula kasa, na wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021 Pemba hiyo hiyo walikufa watu 7. Hawa ni watu wa pwani kama sisi, wanaojua bahari kama mzee wako anavyoijua, na walikula kitu walichokizoea.

Kupika hakuitoi hiyo sumu, hata uchemshe kutwa. Dawa ya kuivunja hakuna, hospitali wanakusaidia mwili tu ushinde wenyewe. Wanaoumia zaidi ni watoto, na mama anayenyonyesha akila, mtoto anaweza kuipata kwenye maziwa bila yeye kuonja chochote. Kwa hivyo mtu amekula na koo linamuwasha na kumchoma, anatapika, analegea, msingoje asubuhi, tafuteni boti muda huo huo. Na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamlinda kasa, ukikamatwa naye ni kesi.

Bunju naye vile vile. Sumu yake iko zaidi kwenye ini na mayai na haiishi kwa moto, Japani wanamla lakini mpishi lazima asomee na apewe leseni. Akinaswa kwenye nyavu mrudishe baharini, hata kama ni mkubwa, hata kama siku hiyo hukupata kitu.

Nimeliweka hapa katikati ya mambo ya harufu na ladha makusudi, kwa sababu ile harufu ya papa mkavu si alama ya sumu na kasa mwenye harufu nzuri chunguni anaweza kukuua, pua peke yake haitoshi.

Mume wangu ni wa madhehebu ya Hanafi, hali pweza wala ngisi, anaona kinyaa kabisa. Mimi ni Mshafii wa hapa Lamu na nawapenda. Nifanyeje?

Kwao Hanafi kinacholiwa baharini ni samaki tu, pweza na ngisi hawamo, kamba wanavyuoni wao wamehitilafiana. Sisi Mashafii pweza na ngisi tunakula. Kaa hata kwetu kuna waliomkataa kwa kuwa anaishi majini na nchi kavu. Kwa hivyo mumeo hakudharau mapishi yako, kuna dini ndani yake na kuna malezi. Tenga sufuria na kisu cha pweza, pika siku ambayo yeye hayupo au pika pembeni na yeye umkaangie samaki wake, na msibishane mezani mbele ya watoto. Kwa hukumu zaidi ya hapo muulize shekhe, mimi ni wa jikoni.

Niliona mende kwenye kaunta ya mkahawa mmoja Malindi. Wamepuliza dawa, wamesafisha, nimeona kwa macho yangu. Bado siwezi kula pale. Nina shida?

Huna shida. Mwaka 1986 mtaalamu wa Marekani anaitwa Paul Rozin na wenzake waliwapa watu juisi, halafu wakachovya ndani yake mende aliyekufa na aliyesafishwa akawa hana kijidudu hata kimoja, watu wakaambiwa hivyo, na bado juisi wakaikataa. Moyo ukishakiona kitu kimeguswa na kinachokuchukiza, maelezo hayatoshi, binadamu tuko hivyo. Wewe nenda mahali pengine pa mahamri na mbaazi, Malindi havikosekani. Ila usiendelee kuwasambazia watu habari za mkahawa ule kama wameshasafisha kweli, kuna watu wanalisha familia zao pale.

Mwanangu ana miaka 3, mchicha hataki, samaki hataki, anataka chipsi. Nimlazimishe?

Usimlazimishe mama, usimfungie chipsi kama zawadi pia, maana hapo unamfundisha kwamba mchicha ni adhabu. Umri huo, kuanzia miaka 2 hivi, watoto wengi wanakataa vyakula vigeni, inapita. Kinachosaidia ni kumwekea kidogo, kijiko kimoja, mara nyingi bila kelele, tafiti zinaonyesha mtoto anaweza kuhitaji kuonja mara 8 mpaka 15 ndipo akubali, na wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu. Wewe mwenyewe kaa naye ule mchicha wa nazi mbele yake kwa raha. Samaki mchambue miiba mbele ya macho yake, watoto wengine wanachoogopa ni mwiba, ladha hawana neno nayo.

Na walio wajawazito nanyi sikilizeni, mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake Marekani waliwapa wajawazito na wanaonyonyesha juisi ya karoti, watoto wao walipoanza kula wakaikubali ladha ya karoti kwa urahisi kuliko wengine. Kumbe mtoto anaanza kuonja tumboni na kwenye ziwa! Mimi nikisoma hivyo nafikiria uji wa pilipili manga tunaowanywesha wazazi wetu wapya hapa pwani, na hawa watoto wanavyokua hawaogopi viungo.

Nimealikwa Lamu, nikapewa kahawa tungu bila sukari. Nilishindwa kumaliza na nikaona aibu.

Usione aibu. Kahawa tungu hainywewi peke yake, tia halua au tende mdomoni kwanza, itafune, ndipo unywe funda dogo juu yake, tangawizi utaisikia vizuri na ule uchungu unakaa mahali pake. Ndiyo maana kikombe chenyewe ni kidogo. Ukitosheka kitikise kidogo unapokirudisha, mwenye dele atajua asikuongeze.