Plagi za waya wa spika: angalia inavyobana waya kabla hujaangalia inavyong'aa

Wadau, kama unajitengenezea nyaya za spika mwenyewe, kuna kitu nataka nikwambie mapema kwa sababu mi kilinichukua zaidi ya mwaka kukielewa. Kila plagi ina miungano miwili. Kuna pale plagi inapoingia kwenye ampu (amplifaya) au kwenye spika, hapo kila mtu anapaangalia, halafu kuna pale waya wenyewe unapoingia kwenye plagi, ndani kule, pamefunikwa na kikombe cha plastiki au cha chuma, na hapo hakuna anayepaangalia. Sasa huo wa ndani ndo unaoharibika.

Nilijua hivyo baada ya spika ya kushoto kuanza kukatakata. Sauti inaondoka, inarudi, ukisogeza kabati kidogo inarudi, ukikaa inaondoka tena. Nikaanza kuituhumu ampu, nikaipeleka kwa fundi akaipima akasema haina shida, nikarudi nayo nyumbani na tatizo liko palepale. Mwishoni nikafanya kitu ambacho ningetakiwa nikifanye siku ya kwanza: waya wa kushoto nikaupeleka kulia, wa kulia nikauleta kushoto, ampu na spika nikaziacha zilivyo. Kukatakata kukahamia kulia. Basi, ni waya. (Jamani fanyeni hilo jaribio kabla hamjampelekea mtu yeyote kifaa chochote, linachukua dakika tatu.)

Nikafungua kifuniko cha ile plagi ya banana (ile ya pini moja nene yenye springi), nikaushika waya nivute taratibu nione, ukatoka wote mkononi bila kubisha. Ncha yake nilikuwa nimeipaka risasi ya kuchomea mwenyewe kabla ya kuikaza na skrubu, nikiamini nafanya kazi nzuri zaidi, na sasa kulikuwa na kishimo kidogo kinachong'aa pale skrubu ilipokandamiza na pembeni yake kumeingia weusi. Skrubu haikuwa imelegea hata robo mzunguko. Ila risasi ni madini laini, ukiikandamiza muda mrefu inasogea polepole yenyewe, inahama kutoka kwenye presha, kwa hiyo siku unayokaza inabana vizuri kabisa afu baada ya miezi kunabaki uwazi mdogo ambao macho hayauoni lakini sauti inausikia.

Kwa hiyo kama plagi yako ni ya skrubu, USIPAKE RISASI kwenye ncha. Chuna waya, sokota nyuzi zake vizuri kwa vidole kuelekea upande uleule zilikosokotwa kiwandani, ingiza, kaza, subiri siku kadhaa ukaze tena maana hata shaba tupu inajipanga kidogo. Ukitaka iwe nzuri zaidi vesha ncha kile kikofia chembamba cha shaba kinachobanwa na plaizi yake, kile mafundi umeme wanachotumia kwenye paneli, ndo uingize kwenye skrubu. Risasi ina mahali pake, nitafika huko.

Sasa tuanze na swali la kwanza ambalo watu wengi wanaliruka. Nyuma ya ampu yako na nyuma ya spika yako kuna nini? Hilo ndo linaamua plagi, wala sio picha uliyoiona mtandaoni. Ampu inaweza kuwa na aina moja na spika aina nyingine kabisa, na hakuna sheria inayosema waya uwe na plagi zinazofanana huku na huku.

Kama kuna vile vibanio vya springi, unabonyeza kiulimi unachomeka waya, hapo banana haiingii kwa kawaida. Waya mtupu unatosha, au plagi ya pini kama waya wako ni mnene na nyuzi zinagoma kuingia kwenye tundu. Mi vibanio hivi sivipendi kwa waya mnene ila kwa spika ndogo vinafanya kazi yake.

Kama kuna nguzo za kuzungusha, nyekundu na nyeusi, zenye tundu katikati, hapo una uhuru: waya mtupu, spedi ile yenye umbo la U, au banana. Na niseme wazi kwamba waya mtupu ulioingizwa vizuri kwenye nguzo na kukazwa kwa mkono ni muungano mzuri kabisa, ukiwa mzuri kuliko plagi mbovu mara kumi, kwa sababu unakuwa umeondoa muungano mmoja. Kasoro yake ni mbili. Shaba iliyo wazi inapoteza rangi kadri muda unavyoenda, inabidi ukate ncha uchune upya. Ya pili ndo ya hatari: uzi mmoja uliochomoza ukigusa nguzo ya pili ni shoti, na ampu nyingine zina ulinzi zinajizima, nyingine hazina zinaungua. Ukiwa ni mtu wa kuchomoa na kuchomeka mara kwa mara, au nyuma ya ampu yako ni kubanana na giza, hapo banana inajilipa yenyewe kwa usalama.

Banana yenyewe ina kipenyo cha milimita 4, na nguzo nyingi zimepangwa umbali wa milimita 19 kati ya nyekundu na nyeusi ndo maana kuna zile banana pacha zinazoingia kwa mpigo mmoja. Hapo kuna jambo la kulichukulia kwa uzito. Plagi bapa za umeme za Ulaya nazo zina pini za milimita 4 na umbali kati ya pini ni karibu huohuo, yaani banana ya spika inaweza kuingia kwenye soketi ya umeme wa ukutani, na ndo maana ampu nyingi zinazouzwa Ulaya zinakuja na vizibo vya plastiki kwenye yale matundu. Kama nyumbani kuna watoto usiache waya wenye banana ukining'inia upande mmoja haujachomekwa. Mi nyaya za akiba nazifunga kwenye mfuko nazipandisha juu ya kabati.

Kwenye kuchagua banana angalia springi. Kuna zile zilizopasuliwa tu katikati, zile zenye vipande vyembamba vilivyovimba kama taa ya kandili, na zile zenye pini moja nene na springi ubavuni. Yoyote inaweza kuwa nzuri au mbaya, jaribio ni moja: ichomeke, iachie, izungushe kwa vidole viwili. Ikizunguka kirahisi kama funguo kwenye kitasa kilichochoka, irudishe. Inatakiwa ikupe ukinzani kidogo wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Zile za kandili ukizichomoa kwa kuzivuta upande zinabonyea na hazirudi, kwa hiyo vuta ukishika mwili wa plagi na uvute ikiwa imenyooka, usivute waya.

Spedi ndo inayoshika kuliko zote kwenye nguzo, kwa sababu unaikaza kwa nguzo yenyewe na eneo la kugusana ni kubwa. Ila pima kwanza unene wa nguzo, kuna spedi za kuingia kwenye nguzo ya milimita 6 na za milimita 8, ukikosea hiyo ndogo haingii. Na nguzo zikilegea spedi inaanguka, ikianguka na ampu inawaka unajua kinachofuata. Mi naitumia kwenye spika ambazo sizigusi mwaka mzima.

Ukija kwenye spika za muziki wa sherehe, za kubebwa na kufungwa na kufunguliwa kila wikiendi, hapo nina msimamo na sitauficha: Speakon. Kampuni ya Neutrik iliitoa mwaka 1987 hasa kwa kazi hii na hakuna kingine kinachoingia kwenye soketi yake kwa bahati mbaya. Unachomeka, unazungusha kwenda kulia, inalia tak, imejifunga, mtu akijikwaa kwenye waya haichomoki. Sehemu zote zenye umeme ziko ndani, huwezi kuzigusa kwa kidole. Ile ya nyaya nne inabeba hadi ampea 40, wakati wati 100 kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni ampea 5 tu. Ndani zimeandikwa 1+ na 1-, na ile ya nyaya nne ina 2+ na 2- pia, kwa spika ya kawaida unatumia 1+ na 1- tu. Hizo mbili nyingine ni za mifumo yenye ampu ya besi na ampu ya sauti za juu mbalimbali, usiziunge kwa kubahatisha.

Jeki ya milimita 6.35, ile ya gitaa, kwenye spika mi nimeiacha. Ukiichomeka au kuichomoa wakati ampu inawaka inaweza kupitisha shoti njiani, halafu inafanana kabisa kwa nje na waya wa gitaa ambao ndani una uzi mwembamba wa kubeba sauti ndogo tu. Niliwahi kukuta waya wa gitaa umechomekwa kati ya ampu na spika kwenye shughuli moja, umeshikika wa moto, ganda limeanza kulainika. Aliyeuchomeka hakuwa mzembe hata kidogo, alichukua kilichofanana. Kama ampu yako ina tundu la jeki tu, basi andika kwa herufi kubwa kwenye huo waya kuwa ni wa SPIKA.

Haya, waya wenyewe. Watu wananunua waya mnene kwanza afu plagi baadaye, matokeo yake tundu la plagi ni dogo, wanapunguza nyuzi kwa kuzikata ili uingie. Usifanye hivyo. Nyuzi ulizokata umeshazilipia na umezitupa, na kingo zilizobaki ndo zinazochomoza na kupiga shoti. Soma plagi inapokea unene gani, nyingi za banana zinapokea hadi milimita 4 za mraba ila zipo zinazoishia 2.5. Na kwa nyumba nyingi 2.5 inatosha sana: waya wa mita 5 wa shaba wa 2.5, kwenda na kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.07 tu. Wa 1.5 kwa urefu huohuo ni kama 0.11. Kwa spika ya omu 8 hiyo haina madhara utakayoyasikia, ukifika mita 10 na spika ya omu 4 hapo panda unene.

Linganisha na muungano mbovu sasa. Plagi iliyolegea ikawa na omu nusu, na ampea 5 zinapita, ni wati 12 na nusu zinageuka joto ndani ya kikombe kidogo cha plastiki. Hazipishani sana na pasi ndogo kabisa ya kuchomea risasi. Ndo maana unakuta plagi imepauka au imeyeyuka upande mmoja tu.

Angalia pia kama waya ni shaba kweli. Kuna ule wa alumini iliyopakwa shaba juu, ukiukata katikati unaona weupe ndani, unapitisha umeme vibaya kuliko shaba na nyuzi zake zinakatika ovyo chini ya skrubu. Huo kwenye plagi ya skrubu ni kazi ya kurudia kila mara.

Dhahabu je? Dhahabu haipitishi umeme vizuri kuliko shaba wala fedha. Faida yake ni kwamba haishiki kutu, kwa hiyo inafaa kwa sehemu zinazogusana, hasa kama unaishi penye unyevu au hewa ya chumvi. Ila ni utando mwembamba juu ya brasi, na plagi iliyopakwa dhahabu yenye skrubu moja hafifu inashindwa na ya nikeli yenye skrubu mbili nzito. Ukiwa na uwezo wa kuongeza pesa, ongeza kwenye skrubu na springi.

Na risasi sasa. Inafaa pale plagi imetengenezwa na kikombe maalum cha kuchomea. Pasha kikombe kwanza, risasi iyeyuke kwa joto la kikombe na la waya wala sio kwa ncha ya pasi, na usitikise mpaka ipoe yenyewe. Ukiona imekuwa na rangi ya kijivu yenye chembechembe, pasha tena. Na kabla ya yote vesha waya ule mpira wa kusinyaa na kifuniko cha plagi, kwa sababu ukishachomea havipiti tena.

Ukimaliza chukua mita ya kupimia umeme, pima kila waya mwanzo hadi mwisho, halafu pima nyekundu kwa nyeusi uhakikishe hazigusani, huku unapindapinda waya karibu na plagi maana hapo ndo shida inajificha. Kama hujui upi ni chanya kwenye spika ya besi, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, koni ikisogea mbele basi waya uliogusa chanya ya betri ndo chanya. Usifanye hivyo kwenye spika ndogo ya sauti za juu. Zile nyaya zangu za kushoto na kulia nilizikata ncha zote nane, nikachuna upya, nikavesha vikofia na kukaza. Wiki ya pili nikarudi na bisibisi, tatu kati ya nane zilikubali kuzunguka tena kidogo.