Usitoboe kioo kwanza: bomba za tangi la matumbawe na umeme wetu wa Arusha

Usiku ule umeme ulikatika saa tano kasoro robo, na kwa kuwa umeme kukatika si habari mpya huku Njiro, niligeukia upande wa pili nikaendelea kulala. Alfajiri mama watoto aliingia sebuleni kutafuta kandambili, akakanyaga maji. Maji ya chumvi, karibu ndoo nzima, yalikuwa yamepita chini ya zulia mpaka ukutani, chini ya soketi. Tangi halikuwa na ufa, samaki walikuwa wazima. Kosa lilikuwa kwenye mchoro, na mchoro niliuchora mwenyewe.

Nakuandikia wewe unayetaka kufuga matumbawe nyumbani, ambaye pengine kioo umeshanunua lakini hujakitoboa matundu ya mabomba. Kiache kwanza.

Mfumo wenyewe hauna ajabu. Tangi la maonyesho linakaa juu, jingine dogo linafichwa kabatini chini yake, na humo ndimo mnamokaa skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), hita na pampu. Maji ya tangi la juu yanamwagika juu ya ukingo wa kisanduku kidogo, yanashuka kwa bomba, kisha pampu inayarudisha. Kupanda kunahitaji umeme, kushuka hakuhitaji chochote. Kwa hiyo umeme ukikatika, maji yanaendelea kushuka kwa muda, na lazima ujue ni lita ngapi na zitakaa wapi.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 50, maana yake kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Pua ya bomba la kurudishia maji niliizamisha sentimita 12 ili isionekane, nilitaka urembo. Pampu iliposimama, bomba lile likageuka kuwa kama ule mpira wa kunyonyea petroli: maji yakarudi kinyumenyume mpaka pua ilipopata hewa. Sentimita 12 mara lita 6 ni lita 72. Ongeza kama lita 6 zilizokuwa ndani ya mabomba na kisanduku cha kumwagikia, unapata 78. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 61. Hizo 17 zilizobaki ndizo alizozikanyaga mama watoto.

Niliipandisha pua mpaka sentimita 3 chini ya uso wa maji, na nikatoboa tundu dogo kwenye bomba lenyewe, juu kidogo ya pua, ili hewa iingie mapema na kukata mvuto. Sasa maji hayashuki zaidi ya sentimita 3, yaani lita 18, na pamoja na yale ya kwenye mabomba ni 24. Tundu hilo nalisafisha kila Jumamosi kwa kijiti cha meno, kwa sababu mwani hulipenda. Kuna watakaokushauri ufunge chek valvu, ile inayopitisha maji upande mmoja tu, umalize kazi. Funga ukitaka, ila hesabu zako zifanye kana kwamba haipo. Konokono mdogo kuliko punje ya mchele akikaa kwenye mlango wake, haifungi.

Nimekulia Marangu, na babu alikuwa na zamu yake ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Kabla hajafungulia maji yaingie shambani, alikwenda kwanza chini kabisa ya kihamba, shamba letu la nyumbani, na jembe kuangalia pale yanapotokea yakizidi. Sisi watoto tuliona anapoteza muda. Nilipokuwa nachora bomba za kushushia maji kwa mara ya pili ndipo nilipomkumbuka, maana mara ya kwanza nilikuwa nimeweka bomba moja tu.

Weka mawili. Wafugaji wa nje huuita mtindo huu Herbie. La kwanza, la inchi 1, linashusha maji tupu yasiyo na hewa, na geti valvu, ile inayofungwa kidogo kidogo kwa kuzungusha, inalibana mpaka kina cha maji kwenye kisanduku kitulie. Hapo linakuwa kimya kabisa. Ile sauti ya choo kinachovutwa usiku kucha inatokana na maji yanayoshuka yamechanganyika na hewa. La pili, la inchi 1 na nusu, mdomo wake uko juu zaidi na halishushi kitu siku za kawaida. Kazi yake ni kubeba maji yote ya pampu peke yake siku la kwanza litakapoziba. Hili usilifunge valvu ya aina yoyote.

Miisho ya mabomba hayo ilinisumbua kuliko nilivyodhani. Bomba la kwanza nililizamisha sentimita 15 kwenye tangi la chini, na kila umeme uliporudi hewa ilishindwa kutoka, maji yakawa yanapanda juu huku bomba likikoroma. Nililikata likabaki limezama sentimita 2, likatulia. Bomba la pili lisiguse maji kabisa. Likianza kumwaga litapiga kelele nyumba nzima isikie, na hiyo ndiyo kengele yako. Epuka bomba linalolala, linatunza hewa. Na penye kona, elibo (viungio vya kona) mbili za digrii 45 zinapitisha maji vizuri kuliko moja ya 90. Weka na yunioni, kiungio cha kufungua kwa mkono, la sivyo siku ya kusafisha utakata kwa msumeno.

Kuhusu hiyo geti valvu, nisikilize vizuri. Fundi bomba wangu, mtu mzuri na mwepesi, alikwenda hadwea akarudi na ya shaba, nzito, inayong'aa. Akaniambia, "Hii bosi utawaachia wajukuu." Ndani ya majuma machache konokono walikuwa wanaanguka kutoka kwenye kioo, kisha kamba wawili wakafa. Maji ya chumvi hula shaba, na shaba kidogo tu kwenye maji ni sumu kwa konokono, kamba na matumbawe, hata kama samaki wanaonekana hawana neno. Tafuta ya plastiki. Ni adimu, na ukienda dukani wataisifia bol valvu ya PVC, ile ya mpini wa kugeuza mara moja, badala yake, lakini bol valvu ukiigusa kidogo imefunga nusu. Huwezi kubana kwa kipimo.

Nguvu ya pampu usiisome kwenye boksi. Yangu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Nilielekeza pua kwenye ndoo ya lita 20 nikashika saa: ilijaa kwa sekunde 40, yaani lita 1,800 kwa saa, maana inasukuma maji kupanda juu. Inatosha. Kupitisha maji ya tangi zima mara tano au sita kwa saa ni kazi nzuri kwa bomba. Mawimbi yenyewe ambayo matumbawe yanayataka huletwa na pampu ndogo za ndani ya tangi. Na sisi tulio kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari tuna hewa nyepesi kuliko ya Tanga, kwa hiyo oksijeni inayoyeyuka kwenye maji ni kidogo zaidi. Uso wa maji usilale. Nunua pia pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya usiku wa giza.

Kipimo cha mwisho ni cha chumba cha pampu, ile sehemu ya tangi la chini pampu inapovuta maji. Changu kinashika lita 15, na juu ya maji ya tangi kubwa nimeacha sentimita 3 za kioo kikavu, yaani lita 18. Mabomba yote mawili yakiziba, pampu itaishiwa maji kabla zulia halijalowa.

Ukishaunganisha, jaza maji ya bomba tu, bila chumvi wala kiumbe. Zima swichi, subiri maji yatulie, bandika utepe kwenye tangi la chini pale yalipofikia, kisha washa tena. Mimi nilirudia mara kumi Jumapili moja. Halafu ziba bomba la kwanza kwa kitambaa uone la pili likifanya kazi. Mara ya kumi nilimwita mama watoto azime mwenyewe. Alizima, akasimama pale mlangoni miguu mitupu kama dakika tano, kisha akaenda kulikunjua zulia.