Jina la Washington: kijiji, ukoo na mji

Wengi wanaotafuta maana ya Washington hulikata jina kwa Kiingereza cha leo, wakapata "kufua" upande mmoja na "tani" upande wa pili. Humo hamna kitu. Jina la mahali la Uingereza lisomwe kwa umbo lake la zamani kabisa lililoandikwa, kwa sababu tahajia ya leo imepita mikononi mwa makarani wa karne nyingi.

Sehemu zake ni tatu. Ya kwanza ni jina la mtu, Hwassa au Wassa. Ya kati, -ing-, inaonyesha kuwa mahali pana uhusiano na mtu huyo au watu wake. Ya mwisho, tun, katika Kiingereza cha Kale ilikuwa ua, kisha shamba na nyumba zake, yaani mji kwa maana ile ya "mji wa mzee fulani". Anayejua majina kama Kwamtoro na Kwamsisi ameshaelewa: ni kwa akina Hwassa.

Kosa linalofuata ni kudhani jina hili ni la mahali pamoja tu. Kuna Washington ya Sussex, kusini, na Washington ya kaskazini-mashariki, karibu na Sunderland. Iliyotoa ukoo mashuhuri ni hii ya kaskazini. Ukiitafuta katika Domesday, ile sensa ya ardhi ya 1086, hutaipata, maana Durham, kaunti yake ya zamani, haikuandikishwa humo. Fungua Boldon Book ya 1183, orodha ya mali za askofu wa Durham: utamkuta William wa Hertburn akiishika Wessington, ndiyo Washington hii, kwa kubadilishana na kijiji chake cha awali. Akaanza kuitwa kwa jina la makao mapya, na hapo jina la mahali likawa jina la ukoo. Angalia pia mipaka. Tangu 1974 mahali hapo pamo katika kaunti ya Tyne and Wear, lakini kumbukumbu za kale zitafute chini ya Durham.

Mmoja wa uzao huo, John Washington, alihamia Virginia miaka ya 1650. Kitukuu chake George, rais wa kwanza wa Marekani, alizaliwa 1732, na mji mkuu wa Marekani ukapewa jina lake 1791.

Kushiriki jina hili si kushiriki damu. George Washington hakuacha mtoto. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya wenye jina hili la ukoo walikuwa Wamarekani weusi. Wengi wa wazee wao walilichukua wenyewe utumwa ulipokwisha. Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri wa Wamarekani weusi aliyezaliwa mtumwa 1856, alilichagua shuleni alipoulizwa jina lake kamili. Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Kwa hiyo anayefuatilia ukoo wa namna hii asikimbilie Durham, aanzie kwenye sensa ya Marekani ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa.

Washington Ferguson anatukumbusha kwamba jina hili huweza pia kutangulia. Washington Okumu, Mkenya aliyesaidia usuluhishi Afrika Kusini mwaka 1994, katika faharasa awekwe kwenye O.

Katika kuandika, Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza hakina: kiambishi cha kitenzi hutenganisha mtu na mahali. "Washington alikataa" ni mtu. "Washington ilikataa" ni serikali ya Marekani. Makosa ya kiambishi hapa hubadilisha habari nzima. Na unapotaja jimbo, neno "jimbo" lisikosekane, kwani jimbo la Washington liko pwani ya Pasifiki, ng'ambo ya nchi kutoka mji mkuu.