Shangazi, mdogo wangu anatoka damu na naogopa kumpeleka hospitali

*Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu wa miaka 19 amerudi kutoka chuo. Leo siku ya nne anatoka damu, na usiku homa inampanda. Amekiri kuwa alimeza vidonge vya kutoa mimba alivyouziwa na mtu. Naogopa akifika hospitali atakamatwa. Mama akijua atamfukuza. Na mimi mwenyewe, kusema kweli, naona ametenda dhambi. Nifanye nini? – Dada Mkubwa, Tanga*

Marahaba mwanangu. Mpeleke hospitali sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Damu ikiandamana na homa, huenda mabaki ya mimba yamebaki tumboni na kuleta maambukizi, na hayo huua. Watamsafisha, watampa dawa, pengine watamwongeza damu. Daktari aambiwe amemeza nini na lini.

Kuhusu sheria, sikudanganyi: Kanuni ya Adhabu yetu ni kali. Anayejitoa mimba anaweza kufungwa miaka 7, anayemtoa mwenzake miaka 14. Daktari anayemfanyia mama upasuaji kuokoa maisha yake hahesabiwi kosa. Lakini kumtibu mtu ambaye mimba imeshaharibika si kosa hata kidogo. Ni huduma ya kawaida katika hospitali za serikali. Muuguzi akikufokea, mezea, mradi mgonjwa apokelewe.

Kuhusu dhambi, sibishani nawe. Wakatoliki husema uhai huanza mimba inapotungwa. Wanazuoni wa Kiislamu hutaja siku 120 za kupuliziwa roho, na kabla ya hapo wanatofautiana. Una haki ya kuwa na msimamo wako, ila usimsomee mdogo wako akiwa na homa.

Nilipokuwa shule ya bweni, mwenzetu alilala siku tatu amejifunika blanketi hadi kichwani. Tulijua. Tulinyamaza, kila mmoja akimhukumu kimoyomoyo. Siku ya nne walipombeba, godoro lilikuwa limelowa mpaka upande wa chini. Hakurudi. Mimi ndiye niliyekuwa nalala kitanda cha juu yake, na sijajisamehe.

Mama mwambie mimba imeharibika na mwanawe anaumwa sana. Si uongo. Mengine mdogo wako atayasema mwenyewe akipona, akitaka. Mama akiwaka, mtafute mama mdogo au shangazi yenu anayesikilizwa, akae naye jioni hiyo.

Chukua khanga mbili na pedi, ita bajaji. Asiende peke yake.